NGOMA YA BENI NA FILIMBI ILIYOFICHWA DARINI

Najua nimepotea, na kuna waliokwishaanza kuuliza kama nimedisko. Bado nipo, msiwe na wasiwasi. Ni testi tu, na masika haya ya Dar ambayo mwaka huu yametuamulia: tangu Jumatatu nguo hazikauki, na njia ya kutoka hosteli kwenda kantini imekuwa bwawa. Leo nataka niandike kitu kirefu kidogo, kwa hiyo mwenye haraka arudi jioni akiwa ametulia.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kitandani na kitabu kifuani. Niseme nilikuwa nasoma? Nilikuwa nimelala. Nikaamshwa na matarumbeta. Wale wa Dar mnayajua: Canter iko wazi nyuma, vijana wamesimama na matarumbeta yao, mmoja ana ngoma kubwa, mwingine ndogo, wanakwenda kumchukua bibi harusi. Mvua inanyesha kweli kweli na wao wanapiga tu. Nyuma yao kina mama wamefunga vitenge vya sare, wanacheza ndani ya maji kana kwamba ni kiangazi. Tulikimbilia dirishani wote. Mwenzangu wa chumbani akasema, "Hawa nao, wameiga wazungu mpaka kwenye mvua!"

Nikacheka. Halafu nikanyamaza, maana siku mbili kabla, kwenye semina ya historia, mie mwenyewe nilikuwa nimesema neno hilo hilo mbele ya watu, na nikapigiwa makofi.

NILICHOSEMA SEMINA

Mada ilikuwa utamaduni wakati wa ukoloni, na kundi letu ndilo lililokuwa na zamu. Kwa kuwa mie ndiye mwenye mdomo, nikapewa kipengele cha ngoma ya Beni. Nikasimama, nikaeleza kwa kujiamini kwamba Beni ni mfano mzuri wa kasumba: Waafrika wa pwani waliacha ngoma za mababu zao, wakavaa sare kama askari, wakapeana vyeo vya kizungu, wakatembea mtaani kwa kwata huku wakipiga matarumbeta. Nikamalizia kwamba mtawaliwa akikosa nguvu ya kumpiga mtawala basi huanza kumuiga. Makofi.

Mwalimu wetu hakupiga makofi. Aliuliza swali moja tu: "Hizo sare na hayo matarumbeta, nani alikuwa analipia?"

Kimya. Nikasema labda serikali. Akasema, "Labda si jibu. Nenda maktaba, wiki ijayo utatuambia."

Yaani niliona aibu, wacha tu. Lakini nilikwenda, na nilichokipata ndicho nakileta hapa, kwa sababu naona wengi wetu tunaosomea ualimu tutakwenda kuwafundisha watoto jambo lile lile nililolisema mie, na siyo kweli. Au tuseme ni robo ya kweli.

ILIKOTOKEA

Kitabu kikubwa kuhusu Beni kiliandikwa na Terence Ranger na kutoka mwaka 1975. Neno lenyewe Beni ni "bendi" ya Kiingereza iliyotiwa ulimi wa Kiswahili. Ngoma hii ilianza miji ya pwani ya kaskazini, Mombasa na Lamu, miaka ya 1890. Wakati huo bendi za shaba zilikwishaanza kusikika pwani. Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi yake ya Wagoa. Pale Freretown, Mombasa, kwenye makazi ya watumwa walioachiwa huru, wamisheni nao waliwafundisha watu matarumbeta. Huku kwetu Wajerumani wakaanzisha shule ya serikali Tanga miaka ile ile ya 1890, na wanafunzi wake wakawa na bendi yao iliyopata sifa. Hebu fikiria, watoto wa Tanga wa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wako kaptura, wanapuliza tarumbeta uwanjani.

Ila kumbuka jambo hili. Mashindano ya ngoma hayakuletwa na bendi. Miji ya Waswahili ilikuwa tayari na desturi ya mitaa miwili kushindana kwa ngoma, kwa mashairi, kwa mavazi na kwa karamu. Mtaa huu ukichinja, ule unachinja zaidi. Bendi ilipokuja, watu wa pwani waliichukua wakaiingiza kwenye shindano lao la zamani. Nyimbo zilikuwa za Kiswahili, mafumbo ya Kiswahili, na anayepigwa vijembe ni mpinzani wa mtaa wa pili. Mzungu hata kama amesimama pale pale hajui anasemwa nani.

Tanganyika makundi mawili yaliyovuma yalikuwa Marini na Arinoti. Marini, jina la askari wa majini, walikuwa wale waliojiona wa juu: makarani, watu wa mjini, wenye ndugu pwani. Arinoti kwa kawaida walikuwa watu wa chini: vibarua, wapagazi, watu wa bara waliokuja kutafuta kazi. Ukiingia mji mgeni, unauliza Arinoti wako wapi, na ukifika kwao unapata pa kulala.

Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Tanga ilipiganiwa Novemba 1914, na sisi watu wa Jipe vita ilitufikia mlangoni: Salaita, walikopigana Februari 1916, ni jirani tu na ziwa letu, upande wa Taveta. Waingereza peke yao walitumia karibu watu milioni moja kubeba mizigo katika vita vya Afrika Mashariki, na inakadiriwa wapagazi wapatao laki moja walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Kariakoo tunayokwenda kununua viatu vya mtumba imepata jina kutokana na kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps. Basi katika kambi hizo askari na wapagazi wa pande zote mbili walikuwa wanacheza Beni, na vita ilipokwisha wakaenda nayo makwao, mpaka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, na hata kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo.

NANI ALIKUWA ANALIPIA

Sasa nirudi kwenye swali la mwalimu. Waliokuwa wanalipia ni wao wenyewe, na hapo ndipo nilipoweka kalamu chini.

Kila kundi lilikuwa na wanachama, michango, mweka hazina na kamati. Vile vyeo nilivyovicheka, kingi, jenerali, kapteni, sajini, vilikuwa na kazi nyuma yake. Kulikuwa na wa kupokea wageni, wa kusuluhisha ugomvi, wa kuwaadhibu waliokosa adabu na wa kuandika barua kwenda kwa wenzao wa mji mwingine. Mwanachama akiugua anatazamwa. Akifa anazikwa. Kwa mtu aliyekuwa mbali na ukoo wake, hakuna wazee, hakuna shamba, hili halikuwa jambo dogo. Ngoma ndiyo iliyokuwa ukoo.

Waingereza waliligundua hilo mapema kuliko mie. Mara baada ya vita, kwenye 1919, maafisa wao wa makoloni mbalimbali waliandikiana wakiulizana hii Beni ni kitu gani, kwa nini karani wa mji huu anajuana na askari wa mji ule, na je, kuna njama? Njama hawakuiona. Lakini hofu yao inakuambia kitu. Kama ingekuwa ni kuiga tu, mtu angeogopa nini? Hata migodini kule Rhodesia ya Kaskazini, wachimbaji walipogoma mwaka 1935, ngoma hiyo, kule ikiitwa Mbeni, ilitajwa katika uchunguzi kama njia ambayo watu walipashana habari.

Tanga yenyewe ni mji wa kuangaliwa vizuri. Machi 1922, Martin Kayamba, karani Mbondei aliyesoma Kiungani kule Unguja, aliunda pale chama cha watumishi wa serikali Waafrika, Waislamu na Wakristo pamoja. Miaka saba baadaye, 1929, African Association ikazaliwa Dar es Salaam, na kutokana nayo baadaye ikaja TANU, 1954. Sisemi kwamba ngoma ndiyo iliyozaa vyama. Ninachosema ni kwamba watu wa miji hiyo walipokaa kuchagua katibu na mweka hazina, kazi hiyo haikuwa ngeni machoni mwao. Walikwishaiona mtaani, imevaa kofia na mkanda mweupe.

KINA MAMA JE?

Nilijua dada zangu mtauliza. Wanawake walikuwa na makundi yao. Mombasa kulikuwa na lelemama, na mwanahistoria Margaret Strobel ameyaandika makundi yake katika kitabu cha mwaka 1979. Nayo yalikuwa na vyeo, michango na mashindano, na mambo yote yaliendeshwa na wanawake.

Dar es Salaam miaka ya 1950 mambo yakawa makubwa zaidi. Bibi Titi Mohamed, ambaye sote tunamjua kwenye vitabu kama mwanamke jasiri wa TANU, alikuwa kwanza mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma lililoitwa Bomba. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake kwenye chama, hakuanza kwa hotuba. Alianza kwa vikundi vya ngoma. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi, nao wakawaleta wanachama wao. Susan Geiger, aliyewahoji wanawake wale, anaeleza kwamba katika miezi michache waliingia kwenye maelfu. Shuleni tulifundishwa Bibi Titi "alihamasisha wanawake". Tuliuliza alihamasisha vipi? Hatukuuliza. Jibu ni kwamba wanawake walikuwa wamejipanga tayari, wana safu, wana viongozi, wana sare za kanga. Kilichobaki kilikuwa kuwaambia twende wapi.

UPANDE MWINGINE

Nisije nikaonekana napamba. Beni ilikuwa na ubaya wake. Mashindano yaliwaingiza watu kwenye madeni, mtu anauza mali ili kundi lake lisiaibike siku moja. Kulikuwa na matusi na ngumi. Na Marini kuwadharau Arinoti ni ubaguzi ule ule tu, mtu wa mjini kumwona mtu wa bara ni mshamba. Mambo ya kumcheka mtu kwa lafudhi yake hayakuanza na sisi hapa chuoni. Wamisheni nao waliipinga sana, na wazee wengi wa pwani hawakuipenda.

Baada ya miaka ya 1930 ilianza kufifia mijini. Vijana walitaka vitu vingine: mpira, dansi, taarab. Tanga hiyo hiyo ikatoa Young Nyamwezi, bendi ya miaka ya 1950 iliyotokana na watu wa mashamba ya mkonge, ambayo baadaye ikawa Jamhuri Jazz. Jina lake la kwanza tu linakueleza: watu kutoka Unyamwezi, mbali na kwao, wamekaa Tanga na wameunda kitu chao.

SIMU YA JIPE

Hapa ndipo historia ilipoacha kuwa ya maktaba.

Jumapili jioni nilimpigia babu. Babu yangu yuko Jipe, amevuka themanini, masikio yanamsumbua lakini akili iko pale pale. Watu wa kwetu kwenda pwani si ajabu; hata maji ya ziwa letu hutoka kwa mto Ruvu, yakaingia Nyumba ya Mungu, yakaishia baharini Pangani. Nilijua baba yake babu aliwahi kufanya kazi za mkonge Tanga. Mkonge uliletwa na Mjerumani Hindorf, 1893. Miche 1,000 ikatoka Florida, ikapona 62 tu, na kutokana na hiyo 62 Tanga nzima ikageuka mashamba. Kwa hiyo nilitaka kumuuliza tu kama baba yake aliwahi kusema neno Beni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Umekula?"

Tukamaliza ya chakula na mvua. Nikauliza. Akakaa kimya, nikadhani salio limekwisha.

Babu akanisimulia. Baba yake aliondoka wakati wa nzige, mwanzoni mwa miaka ya 1930, shamba likiwa jeupe. Akapanda milima kwa miguu, akateremkia upande wa reli, akapanda gari moshi la Tanga kupitia Same na Korogwe. Alikaa huko miaka. Aliporudi alikuwa na kofia, mkanda mweupe na filimbi. Akawaambia watu yeye ni sajini. Watu wakacheka, sajini wa jeshi gani? Alipotaka kuwafundisha vijana kwata ya ngoma, mzee mmoja wa dini akasema hayo ni mambo ya wahuni wa pwani, yachomwe. Kofia na mkanda vikachomwa. Filimbi akaificha darini, na haikutoka tena. Babu alikulia akiitwa mtoto wa sajini kwa kejeli, na maisha yake yote amejua kwamba baba yake alipotea pwani, akacheza uhuni, akarudi mikono mitupu.

Nikamweleza habari za Arinoti: michango, kuzikana, vyeo vyenye kazi. Sikio lake likiwa gumu ilibidi nipige kelele, korido nzima ya hosteli ikasikia.

Akasema, "Subiri. Lile sanduku."

Sanduku gani? Kumbe baba yake aliporudi alibeba sanduku la bati ambalo si lake. Lilikuwa la kijana wa Ugweno aliyefia mkongeni. Ndani kulikuwa na nguo za marehemu na fedha zilizofungwa kwenye kitambaa. Alilipeleka mwenyewe kwa mama wa yule kijana, akamwambia mwanao amezikwa vizuri, fedha hizi ni za wenzake. Babu amelisikia hilo sanduku tangu utotoni, kama hadithi ya uaminifu wa baba yake. Lakini hakuna aliyewahi kuuliza, "wenzake" ni wenzake gani? Kibarua wa mkonge wa miaka hiyo, mwenye kipande chake cha kutiwa alama siku kwa siku, atachangisha watu kwa amri ya nani?

Babu akasema taratibu, "Kwa hiyo alikuwa sajini kweli."

Sikuweza kusema kitu. Niseme ukweli, nililia kidogo, na mwenzangu wa chumbani akazima redio.

Sina uthibitisho wa daftari. Mwalimu wangu ataniambia ushahidi wa mzee mmoja hautoshi, na ni haki yake. Lakini najua kwamba nilisimama mbele ya darasa nikamwita baba wa babu yangu kasumba, nikapigiwa makofi, na sikuwa najua namsema yeye.

Kesho ni semina. Nitalijibu lile swali: waliolipia ni vibarua, wapagazi, makarani na kina mama wa vitenge, senti kwa senti. Na nikipangiwa shule ya mazoezi, mada ya ukoloni nitaianza hivyo, kwa kuwauliza wanafunzi nani alikuwa analipia.

Babu amekubali filimbi ishushwe darini. Amesema isipulizwe mpaka nifike likizo. Nanyi wadau, kabla ya kucheka matarumbeta yatakayopita mtaani kwenu Jumamosi hii, mpigieni mzee mmoja nyumbani. Muulizeni habari za ngoma, na muulizeni nani alikuwa anachanga.

Mvua imeanza tena, naenda kuanua nguo. Tuko pamoja.